"Dependant" au "dependent"?

Habari za Jumapili, ndugu zangu. Najaza fomu za viza za mume na mtoto wetu, zimeandikwa "dependant". Barua aliyonisaidia kuandika kaka yangu wa Minnesota ina "dependent". Nibadilishe?
Zuhura, Reading

Dada Zuhura, huku Uingereza yenye "a" ni mtu mwenyewe: mume, mke, mtoto. Yenye "e" ni sifa, kwamba fulani anamtegemea fulani. Wamarekani wanaandika "e" kote. Badilisha ifanane na fomu, ila usikose usingizi. Vyeti vya ndoa na kuzaliwa ndivyo vya kuhangaikia, si irabu.

Wengi wanakwama kwa wazazi. Viza ya kazi, pale inaporuhusu familia, ni ya mwenza na watoto chini ya miaka 18. Mama hayumo, hata kama kila mwezi anakula kwa mkono wako. Njia yake inaitwa "Adult Dependent Relative" (ndugu mtu mzima anayekutegemea; hapo "e", maana ni sifa ya huyo ndugu), na ni nyembamba kwelikweli. Kwa kawaida sharti wewe uwe raia au mkazi wa kudumu, yeye awe hawezi kuoga wala kuvaa bila msaada, na huduma hiyo isipatikane nyumbani hata kwa hela zako. Shida ya pesa peke yake haitoshi.

Halafu, wewe kazi gani? Walioomba viza ya kutunza wazee kuanzia 11 Machi 2024 hawaruhusiwi kuleta familia.
Baba Faraja, Leicester

Muuguzi wa hospitali, kaka. Ahsante, nimepumua.
Zuhura

Naongeza la Marekani. Fomu 1040 ya kodi ina sehemu ya "Dependents", na kila mwaka kuna anayetaka kumwandika mama aliyeko Tanga. Haiwezekani. Lazima awe raia au mkazi wa Marekani kwa sheria ya kodi, au awe anaishi Kanada au Meksiko. Dawa, maji, luku, vyote unalipa wewe, na bado hahesabiwi. Akishakuja na grini kadi, kipato chake kikiwa kidogo nawe ukigharimia zaidi ya nusu ya matumizi yake, unaweza kumwandika, hata kama anakaa kwa dada yako. Mjaza fomu akikwambia "weka tu, hawaangalii", tafuta mwingine. Sahihi ni yako.
Mwanaisha, Minneapolis