Jaketi la softisheli kwa Kilimanjaro: lenye utando au lisilo nao?

Kiatu_Kizito
Habari zenu wakuu. Natafuta jaketi la kiume la softisheli (lile laini linalovutika, la kukata upepo) la kupandia Kilimanjaro, njia ya Machame, siku saba, mwezi wa tisa. Nimebakiwa na mawili. La kwanza ni zito, gramu 640, lina utando (tabaka jembamba la kuzuia maji na upepo) na ndani limegandishwa flisi. Lebo imeandika 10,000 mm. La pili gramu 390, nailoni asilimia 88 na elasteni (uzi unaovutika) 12, halina bitana wala utando. Koti la mvua ninalo tayari. Nichukue lipi? Na nikipita Memorial pale Moshi kwenye mitumba, nikague nini?

KambiKaranga
La pili, mkuu, tena bila kusitasita, maadamu koti la mvua lipo.

Hiyo 10,000 mm isikuzuzue. Ni kipimo cha kitambaa kuzuia maji, si cha jaketi zima. Softisheli nyingi mishono yake haijazibwa kwa utepe upande wa ndani, kwa hiyo mvua ya msituni itapenya mabegani, pale mkanda wa begi unapokandamiza mshono. Na hiyo flisi ikishalowa, sahau kuikausha kambini.

Shida kubwa zaidi ni jasho. Siku ya kwanza unapanda kama mita 1,000 kutoka getini hadi Kambi ya Machame, msituni, kwenye unyevu. Ukivaa lenye utando utafika fulana imelowa chapachapa, na ukishakaa tu baridi inakuingia.

Kipimo cha dukani: bana kitambaa mdomoni upulize kwa nguvu. Pumzi isipopita kabisa, kuna utando. Ikipita kwa shida, ndilo lenyewe. Ikipita kirahisi kama kwenye fulana, liache, upepo wa uwanda wa Shira kule juu utalipita hivyo hivyo.

Mzee_wa_Barafu
Nakubali kwa siku za chini, ila usiku wa kileleni ni habari nyingine. Mnaondoka Barafu, kambi ya mwisho, saa sita usiku au karibu na hapo, mwendo ni pole pole, jasho hamna. Kadiria joto linashuka nyuzi 6 kila mita 1,000: Moshi mjini ikiwa nyuzi 20, kilele cha Uhuru kwenye mita 5,895 ni kama hasi 10, na upepo bado hujauhesabu. Hapo utando una kazi.

KambiKaranga
Kweli mzee, lakini utando anao kwenye koti la mvua. Usiku ule analivaa juu ya kila kitu: fulana ya sufu, flisi nyembamba, softisheli, jaketi la manyoya ya bata, kisha koti la mvua kukata upepo. La gramu 640 lingemfaa asiye na koti la mvua la maana, na mtu huyo hata Machame asiende.

Kwa hiyo kinachobaki ni saizi. Lijaribu ukiwa na fulana na flisi ndani, begi mgongoni, mkanda wa kiuno umefungwa. Inua mikono juu kabisa: pindo likipanda likaacha kiuno wazi, ni fupi. Chuchumaa, mgongo usibane. Mifuko iwe juu ya mkanda wa kiuno, la sivyo huwezi kuifungua ukiwa unatembea (makosa haya yamejaa kwenye majaketi ya mjini). Mwisho vaa koti la mvua juu yake. Kwapa zikikaza, moja kati ya hayo mawili limekosea saizi.

Fundi_Zipu
Kuhusu mitumba: lenye utando ligeuze ndani nje. Shika kitambaa cha nje na cha ndani kwa vidole, uvisugue pamoja kwenye kola na mabegani. Vikiteleza kila kimoja kivyake, au kukiwa na malengelenge na unga mweupe, gundi imekufa na hakuna fundi wa kuirudisha. Kwa lisilo na utando, vuta kiwiko: kisiporudi, elasteni imechoka. Zipu ipandishe na kuishusha mara kadhaa. Ikiachia nyuma ya kishikizo (kile unachovuta kufunga zipu), mara nyingi tatizo ni kishikizo tu, hicho kinabadilishwa. Meno yakikatika ni zipu nzima.

Kiatu_Kizito
Nimewaelewa wakuu, nachukua la pili. Kufua je? Nyumbani tunatumia sabuni ya unga na ile ya kulainisha nguo.

Fundi_Zipu
Ya kulainisha usiiguse. Inaacha mafuta kwenye nyuzi, maji badala ya kuteleza yananywewa. Jiki pia hapana. Funga zipu, fua kwa sabuni ya maji kidogo, maji ya nyuzi 30, suuza mara mbili hadi povu liishe, anika kivulini. Likikauka, soma lebo. Ikiruhusu pasi, weka moto mdogo kabisa, tanguliza kitambaa cha pamba, bila mvuke. Joto hilo linaamsha dawa ya kuzuia maji. Nyunyizia matone: yakiviringika, tayari. Yakitanuka na kuacha doa jeusi, nunua dawa ya kupuliza, upulizie nje tu, hasa mabegani na kwenye mikono ya jaketi.