Tabora: Mtoto amekoseshwa kwa kuandika kwamba 2 ni namba tasa, huku mwongozo wa kusahihishia ukiitambua 1

Ndugu wanajukwaa,

Ninaandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Katika mtihani wa ujirani mwema wa darasa la tano uliofanywa na shule kadhaa za hapa Tabora mjini, ambao sisi wazazi tuliuchangia fedha, wanafunzi walitakiwa kupanga namba kuanzia 1 hadi 50 katika safu tatu, yaani shufwa (zinazogawanyika kwa 2 bila baki), tasa (zinazogawanyika bila baki kwa namba mbili tu, 1 na yenyewe) na nyinginezo, kisha waandike idadi ya kila safu. Binti yangu aliandika shufwa 25, tasa 15 na nyinginezo 11. Swali zima amekoseshwa, na kwa wino mwekundu ameandikiwa kwamba jumla yake ni 51 ilhali namba zilizotolewa ni 50.

Jumla ni 51 kwa sababu 2 ni shufwa na papo hapo ni tasa, hivyo mtoto aliiweka katika safu zote mbili inakostahili kuwa. Ni namba hiyo peke yake yenye sifa zote mbili, maana kila shufwa inayoizidi, licha ya 1 na yenyewe, ina 2 miongoni mwa vigawo vyake. Mtunga swali alidhani makundi haya hayaingiliani.

Kosa hilo la kutunga ningelivumilia. Nisilolivumilia ni mwongozo wa kusahihishia nilioonyeshwa nilipokwenda shuleni kuuliza. Safu ya tasa inaanza na 1, inairuka 2, kisha inaendelea na 3, 5, 7 hadi 47. Zihesabuni wenyewe, mtapata 15. Idadi sahihi ya namba tasa hapo nayo ni 15, kwa kuwa makosa mawili yamefidiana, na mwalimu wa taaluma akaishika idadi hiyo kuwa ndiyo ushahidi wa usahihi wa mwongozo wake! Nyinginezo nazo, baada ya kuporwa 1, zikabaki 10, na jumla ikatimia 50 kamili.

Nilielezwa kwamba 1 ni tasa kwa kuwa inagawanyika kwa 1 na kwa yenyewe. Sivyo. Namba tasa ina vigawo viwili tofauti, visizidi wala visipungue, na 1 ina kigawo kimoja tu. Madhara yake si madogo, kwa sababu watoto hawa hawa wanatafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika) na KKS (kigawo kikubwa cha shirika) kwa kuchanganua namba kuwa vigawo tasa. 12 ni 2 × 2 × 3, basi. Ukiikubali 1, mwanafunzi ataandika 1 × 2 × 2 × 3, au 1 × 1 × 2 × 2 × 3, na hatafika mwisho. Ukiikataa 2, namba kama 16 haichanganuliki kabisa.

Nyuma ya karatasi ya binti yangu kuna kazi yake yote. Aliandika namba kuanzia 2, akaibakiza 2 na kufuta vigawe vyake vingine (4, 6, 8 na kuendelea), akafanya hivyo kwa 3, kwa 5 na kwa 7, akakomea hapo kwa sababu 11 × 11 ni 121, ambayo imeshapita 50. Ya mwisho kufutwa ni 49. Hiyo ni njia ya Eratosthenes, mtaalamu wa Kigiriki wa kale aliyefanya kazi Alexandria, Misri, iliyodumu kwa zaidi ya miaka 2,200, na msahihishaji hakujishughulisha hata kuitazama.

Sasa mtoto ananiambia kwamba mtihani ujao ataandika 1 ili apate alama. Nimemkataza, lakini ninajua kwamba mwongozo ule ule umetumika kwa darasa zima na katika shule zote zilizoshiriki.

Ninataka mwongozo huo uondolewe, karatasi zisahihishwe upya, na watoto waelezwe darasani kwamba jibu walilopewa halikuwa sahihi. Wazazi ambao watoto wenu walifanya mtihani huu, fungueni karatasi zao mtazame safu ya tasa inaanza na namba gani, kisha tuonane kabla ya kikao cha wazazi ili tulipeleke kwa Afisa Elimu Kata kwa pamoja.