Gumzo la kikundi: Kumbukumbu ya Majimaji, Songea

Katibu (12:40 jioni): Shikamooni wazee wangu. Mwenye Kosta ya Namtumbo anataka malipo ya awali kesho kabla ya saa sita mchana. Waliotoa ni wale wale wa kila mwaka. Elfu kumi kumi tu jamani, tarehe 27 Februari haisogezwi.

Katibu (1:15 usiku): Alama za bluu naziona. Semeni chochote basi.

Shemeji wa Iringa (1:22): Mimi naleta ulanzi. Watani msikimbie tena kama enzi za Mkwawa 😂

Mjomba wa Mbinga (1:23): Nani alikimbia? Kamuulize babu yako vizuri 😂😂

Katibu (1:30): Utani baadaye. Ngoma kubwa ya lizombe iko kwa nani? Ngozi ililegea, iwambwe upya mapema.

Mjomba wa Mbinga (1:34): Iko kwangu. Panya wamekula ukingoni, ila inalia.

Mama Mkubwa (2:05): Elfu kumi ninayo. Shida yangu ni ile niliyoisema kwenye msiba wa Matimila. Tulipoanza kikundi tulikuwa tunafagia makaburi pamoja, wake kwa waume. Siku hizi sisi ni masufuria na kuni, kipaza sauti ni cha wanaume. Mkomanile alikuwa nduna, kiongozi wa Wangoni kama hao wanaume. Siku ya kitanzi Wajerumani hawakumtenga na wanaume. Sisi ndio tumtenge?

Katibu (2:07): Mama Mkubwa, hilo tulishalimaliza.

Mama Mkubwa (2:07): Ulilimaliza wewe.

Binti wa Dodoma (2:31): Nipo kazini, ndio naona. Mama Mkubwa nipo nawe. Wanangu Kinjekitile wanamjua, wamemsoma shuleni. Mkomanile hawajawahi kumsikia.

Shemeji wa Iringa (2:33): Sisi fuvu la Mkwawa lilirudi 1954, liko Kalenga. La nduna wenu Songea Mbano limekosa nauli? 😂

Katibu (2:33): Shemeji!!

Mjukuu wa Babu (2:58): Babu ameniambia niandike, naandika anavyotamka.

"Mtani ana haki yake, sijakasirika. Lakini la fuvu msilichekee. Wazee wetu walituambia Nduna Songea walitaka kumwacha hai, akakataa kubaki ilhali wenzake wameshanyongwa. Wenzake wale wa tarehe 27 Februari 1906 wako kwenye kaburi la pamoja pale Mahenge ya hapa Songea, yeye ana lake peke yake, na kichwa hakimo. Rais Steinmeier wa Ujerumani alikuja Songea Novemba 2023, akaomba msamaha, akaahidi watasaidiana nasi kukitafuta. Kwangu mimi mazishi yale hayajaisha. Mtu hacheki msibani kabla hajazika. Na majina mwaka huu ayasome mwanamke, aanze na Mkomanile."

Shemeji wa Iringa (3:10): Nisamehe Babu. Nimekosa.

Mjomba wa Mbinga (3:12): Babu amesema.

Mama Mkubwa (3:15): Ahsante baba. Mungu akuweke.

Katibu (3:16): Tumepokea Babu. Mama Mkubwa, utasoma wewe?

Mama Mkubwa (3:20): Macho yangu mnayajua. Asome binti.

Binti wa Dodoma (3:41): Natamani sana, lakini ruhusa sijapewa. Kesho naongea na bosi.

Katibu (3:42): Usipopata?

Mjomba wa Mbinga (3:50): Na jikoni atakuwa nani sasa?

Mama Mkubwa (3:51): Wewe.

Katibu (3:55): Jamani KOSTA. Kesho kabla ya saa sita.

Mjomba wa Mbinga (3:57): Kosta ipi?

Katibu (3:57): Panda juu usome ujumbe wa kwanza.

Shangazi (4:50): Shikamooni wakubwa, simu ilikuwa chaji. Nimetuma elfu tano, iliyobaki mwisho wa mwezi.

Katibu (4:52): Shangazi, mwisho wa mwezi Kosta itakuwa imesharudi.