Tupeane uzoefu: vitenzi vya Kiingereza vyenye mkia vinapokujia katika kauli ya kutendwa

Karani wa Kilindini
Assalam aleikum ndugu zangu. Jumatatu kijana mgeni katika ofisi yetu alipokea ujumbe wa kampuni ya meli usemao "Your container has been rolled over", akampigia mteja na kumwarifu kwamba kontena lake limepinduka. Mteja, ambaye shehena yake ni chai, alifika kutoka Changamwe akitweta. Katika kazi yetu ujumbe ule una maana kwamba kontena halikupata nafasi katika meli liliyopangiwa na litasafiri na meli inayofuata. Ni habari ya kuudhi, lakini hakuna kilichopinduka. Simlaumu kijana, kwa sababu kila neno peke yake alilijua. Kilichomponyoka ni maana ambayo kitenzi hupata kikishaungana na kineno cha nyuma yake, na sentensi yenyewe haikumtaja mtendaji ambaye angempa fununu. Naomba tupeane uzoefu: ninyi vimewakuta wapi?

Bi Mwalimu
Umegusa donda, Bwana Karani. Katika karatasi ya pili ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari nchini Kenya, sehemu ya sarufi, mtahiniwa huweza kutakiwa kuondoa neno moja na kuweka kitenzi cha namna hii, na wanafunzi wangu hukariri orodha ndefu hadi wakaiva. Tatizo huanza ninapowataka waigeuze sentensi iwe ya kutendwa. Shamirisho hupanda kwenda mwanzoni, kitenzi hubadilika, na mkia huachwa njiani, kisha mtoto ananiandikia kwamba bibi yake "is looked by my sister" badala ya "is looked after by my sister". Nadhani sababu yake iko katika lugha yetu wenyewe. Kiswahili hukusanya kila kitu ndani ya kitenzi kimoja, ukasema anatunzwa, ameibiwa, amefiwa, amenyeshewa, na sentensi ikawa imekamilika. Mtu aliyezoea ukamilifu huo hukiona kile kineno cha Kiingereza kama ziada, ilhali ndicho kilichobeba maana. Nami huwahimiza wasikilize mkazo wa sauti, kwani katika "The match was called off" sauti huangukia "off", na asiyeisikia hubaki akidhani kwamba mechi iliitwa, kumbe ilifutwa.

Muuza Nguo, Kongowea
Bi Mwalimu, hilo la mkia kuachwa njiani limewahi kumgharimu jirani yangu wa sokoni. Wezi walimvunjia duka usiku, naye akaiandikia kampuni ya bima kwamba "My shop was broken". Kwetu duka likivunjwa, kila mtu anaelewa kwamba wezi wameingia, lakini aliyesoma barua ile alielewa kwamba jengo limebomoka, akamtuma mkaguzi wa majengo. Mkaguzi alizikuta kuta zimesimama imara, akaandika kwamba hakuna hasara aliyoiona. Ilibidi mwanawe aliye chuoni aiandike barua upya, aseme "was broken into", ndipo jalada likapelekwa kwa wahusika wa wizi. Kineno kimoja kilichelewesha fidia ya mzigo mzima.

Mwana wa Mji wa Kale
Ni kweli tupu. Mimi nilisoma kwamba ombi langu la viza "has been turned down", yaani limekataliwa, na hadi leo nikiliona neno "down" mahali popote moyo hunipasuka.

Kiongozi wa Watalii
Nataka kusema jambo la upande wa pili, maana vitenzi hivi vimenipa riziki. Historia ya Ngome ya Yesu huwezi kumsimulia mgeni kwa Kiingereza chepesi bila kuvitumia. Wareno waliijenga kati ya mwaka 1593 na 1596. Baada ya kuzingirwa tangu 1696 "it was taken over" na Waomani mwaka 1698, Waingereza walipokuja "it was turned into" gereza kuanzia 1895 hadi 1958, kisha ikafanywa makumbusho, na mwaka 2011 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mgeni anataka kujua yaliyoipata ngome, kwa hiyo ngome ndiyo inayokaa mbele ya sentensi, na kauli ya kutendwa inafaa hapo kuliko nyingine yoyote. Sioni kwa nini tuiogope.

Kijana wa Tudor
Mnaikuza hofu bure. Kitenzi chochote chenye mkia ukiweka "was" mbele yake kimekwisha kuwa cha kutendwa.

Bi Mwalimu
Hapana, mwanangu, usiwapotoshe wenzako. Kinachogeuzwa ni kitenzi elekezi tu, chenye mtu au kitu kinachotendwa. Kifuniko cha sufuria huweza kuondolewa, kwa hiyo "The lid was taken off" ni sawa. Ndege hupaa yenyewe, kwa hiyo ukisema "The plane was taken off at noon" ukikusudia kwamba ilipaa adhuhuri, umekosea, ingawa maneno ni yale yale.

Kijana wa Tudor
Rubani ndiye aliyeipaisha, kwa hiyo mtendaji yupo.

Bi Mwalimu
Yupo ndani ya ndege, lakini hayumo ndani ya sentensi, nasi tunazungumzia sarufi.

Dada wa Baharia
Naomba radhi nikiandika marefu, kwa sababu kisa cha kontena kimeniamshia usiku ambao nyumbani kwetu Majengo hatupendi kuutaja. Kaka yangu hufanya kazi katika meli za mizigo. Alasiri moja, kusi ikivuma, mke wa mwenzake alimpigia mamangu simu kwamba meli "has gone down", na hilo tulilielewa sote bila kuulizana. Baada ya magharibi ukaingia ujumbe wa wakala aliyewaajiri, mstari mmoja tu: "All crew have been picked up."

Tuliizunguka simu ile, na kila mmoja akaisoma kwa kazi aliyoifanya maishani. Mjomba, aliyetumika zamani katika kituo cha polisi, alisema wamekamatwa, kwa kuwa ndivyo wakubwa wake walivyokuwa wakiandika kila mshukiwa anapotiwa mbaroni, na akaanza kuuliza kama meli ilibeba magendo. Binamu yangu, ambaye huchukua abiria uwanja wa ndege, alishikilia kwamba wamechukuliwa kwa gari, na kwa hiyo wako nchi kavu salama. Mamangu hakusema neno. Kwake ilikuwapo maana ya tatu, kwamba kinachookotwa baharini baada ya meli kuzama ni maiti, na neno "all" likamthibitishia kwamba hakusalia hata mmoja. Alitandika mkeka, akaketi akiuelekea ukuta. Majirani wakaanza kuingia mmoja mmoja, na kufikia saa nne za usiku kuna aliyekwisha kuleta juzuu.

Tulimpigia wakala hadi simu ikaishiwa na chaji, asipokee. Kilichotutesa zaidi ni kwamba ujumbe ule haukumtaja aliyefanya kitendo. Angeandika kwamba ni polisi, tungetafuta wakili. Angeandika kwamba ni meli nyingine, tungeomba dua ya shukrani tukalala. Kabla ya alfajiri kaka akapiga mwenyewe, kwa simu ya meli iliyokuwa ikipita na ikawaopoa majini wakiwa hai wote. Mamangu aliisikia sauti yake, akashindwa kujibu, akanikabidhi simu. Neno "rescued" lingetutosha.

Muuza Nguo, Kongowea
Subhanallah. Pole sana dada, mpe mama salamu zetu.

Mwana wa Mji wa Kale
Mwili umenisisimka. Kaka bado anasafiri?

Dada wa Baharia
Bado, na mama bado hajazoea.

Kijana wa Tudor
Pole dada, lakini wakala hakukosea. Mtu akiwa majini na ikaandikwa "picked up", maana ni kuokolewa. Mwenye Kiingereza cha kutosha asingetaabika.

Mwana wa Mji wa Kale
Mtu anatueleza usiku ambao mama yake aliketi mkekani akimlilia mwana, nawe unampimia Kiingereza! Kuna wakati wa kusahihisha na kuna wakati wa kunyamaza.

Baharia Mstaafu
Wanangu, tulizeni nyoyo. Kijana ana hoja ya sarufi, lakini kwa desturi ya bahari dada ndiye mwenye haki. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini lilipitisha mwaka 2001 mkusanyo wa misemo sanifu ya Kiingereza cha melini, kwa sababu rubani wa bandari anaweza kuwa Mdigo, nahodha Mgiriki na mshika usukani Mfilipino, na neno moja likieleweka kwa namna mbili meli hugonga. Msingi wake ni kwamba jambo lile lile lisemwe kwa maneno yale yale kila mara, bila visawe na bila vifupisho, na jibu litolewe kwa ukamilifu. Ikiwa tunajihadhari hivyo tunapozungumza na watu wa kazi waliosomea, wakala anayeiandikia familia iliyojaa hofu angepaswa kujihadhari mara mbili. Ushauri wangu ni mmoja: panapokuwa na roho ya mtu, achaneni na vitenzi vyenye mikia, andikeni neno moja lisilo na ndugu.

Msichana wa Simu
Mzee wangu, nakuheshimu, lakini mimi hupokea simu za wateja walio Uingereza usiku kucha na ushauri huo ungenifukuzisha kazi. Mteja hasemi kwamba mawasiliano yamekatika. Anasema "I was cut off". Hasemi kwamba ametapeliwa. Anasema "I've been ripped off", au anatumia "got" mahali pa "been", na hapo wageni wengi katika kazi hii hupotea kabisa. Tukiviepuka katika kusema, bado tutakutana navyo katika kusikia. Nilichofanya mimi ni kuacha orodha, nikawa naandika sentensi nzima niliyoisikia pamoja na hali ya aliyeisema.

Bi Mwalimu
Orodha hazina kosa. Zikipangwa kwa mikia, mtoto huanza kuhisi kwamba "off" mara nyingi huondoa na kukatiza.

Msichana wa Simu
"Told off" inaondoa nini, mwalimu? Aliyekaripiwa bado amesimama pale pale.

Bi Mwalimu
Nimesema mara nyingi, sikusema kila mara.

Mkaazi wa Bamburi
Naomba mnisaidie haraka, kwa sababu niko nayo mkononi. Mdogo wangu ni mhudumu wa hoteli, na barua aliyopewa leo inasema "You will be laid off with effect from the end of this month". Yeye ameliona "off" na amefurahi, akidhani ni mapumziko ya msimu wa mvua kama yale ya mwaka jana, na amekwisha kuwaahidi wazee kwamba atakwenda nyumbani kisha arudi kazini. Moyo wangu hautulii.

Karani wa Kilindini
Ndugu yangu, kitenzi hicho huweza kumaanisha kusimamishwa kwa muda, lakini mara nyingi ni kuachishwa kazi kwa sababu nafasi imeondolewa. Soma barua yote: je, kuna tarehe ya kurejea? Je, kuna hesabu ya malipo ya mwisho?

Mkaazi wa Bamburi
Tarehe ya kurejea haipo. Chini kuna hesabu ya siku za likizo ambazo hakuzichukua.

Karani wa Kilindini
Basi ni kuachishwa. Mwambie leo, kwa upole, kabla wazee hawajajipanga. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, inataka mfanyakazi anayepunguzwa apewe taarifa ya maandishi mwezi mmoja kabla, ofisa wa kazi naye aarifiwe, na alipwe kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka alioukamilisha kazini. Ikiwa barua imetolewa leo na mwisho wake ni mwezi huu huu, taarifa hiyo ni fupi mno. Asitie saini karatasi yoyote ya kukubali malipo, na kesho asubuhi mwende pamoja ofisi ya kazi mkiwa na barua na kitambulisho chake.

Mkaazi wa Bamburi
Ahsante sana. Namwita sasa hivi.