Tupeane uzoefu: maonyesho ya wapiga picha Ulaya, mlirudi na nini cha maana?

Kamera Mkononi (Dar)
Wakuu, habari za majukumu. Napiga picha za harusi na send-off hapa Dar. Mwakani nataka kwenda maonyesho ya wapiga picha Ulaya kwa hela yangu mwenyewe, sina mfadhili. Nasita kati ya yale ya Birmingham, Uingereza, na Visa pour l'Image ya Perpignan, kusini mwa Ufaransa. Sitaki nirudi na vipeperushi na selfi. Waliowahi kufika watupe yao, za "nasikia" hapana.

Mzee wa Flashi (Nairobi)
Mkuu, hizo ni mbingu na ardhi. Perpignan ni ya picha za habari, tangu 1989. Picha zinatundikwa Couvent des Minimes na majengo mengine ya kale, kiingilio bure, na usiku zinaonyeshwa kwenye skrini kubwa pale Campo Santo. Habari za albamu za harusi hutampata wa kuzungumza naye.

Ukienda, enda ile wiki ya wataalamu mwanzoni mwa Septemba. Baada ya hapo picha bado ziko ukutani ila wahariri washapanda ndege. Kibali cha wiki hiyo ya wataalamu unalipia.

Mimi nilibeba kazi moja tu, wavuvi wa Kalokol, Ziwa Turkana. Mhariri aliyenipokea alizipanga mezani kimya, kisha akaitoa ile niipendayo kuliko zote, machweo na mtumbwi. Akaniambia nzuri, lakini ya mwanamke anayeparua samaki imeshasema yote. Roho iliniuma! Alipozisogeza zilizobaki nikaona hadithi inatembea bila ile. Hadi leo nikichagua picha za mteja namkumbuka yule mama wa samaki. Hotuba nilizohudhuria? Sikumbuki hata moja.

Bi Lenzi (Leicester, wa Mombasa)
Kaka, kwa kazi yako njoo Birmingham. Mimi napiga harusi za kwetu huku, hasa shughuli za wanawake: singo, hina, kupamba. Mnajua masharti yake, simu zinakusanywa mlangoni na bibi harusi yuko kichwa wazi. Picha zile haziwezi kupita mikononi mwa kila mtu.

Basi mwaka wangu wa kwanza niliyapita mabanda ya kamera, nikaenda moja kwa moja kwa wachapaji wa albamu. Kila banda nikiuliza swali lilelile: faili zangu anaziona nani, na zinafutwa lini? Wengine walicheka, wakadhani nina wasiwasi wa bure. Mmoja alikaa chini, akaniita msimamizi wao wa uchapaji, mwanamke, tukakubaliana kazi zangu zipitie kwake na zifutwe albamu ikishanifikia. Tukaandikiana. Kwa barua pepe jambo hilo nilikuwa nimezungushwa miezi. Wateja wangu wengi sasa wananijia kwa sababu hiyo, wala si kwa uhodari wa picha (ingawa picha nazo si haba!).

Na zishike karatasi. Mtandaoni zote zinang'aa.

Mtoto wa Kariakoo
Mimi nasema beba hela ununue lenzi. Unapata punguzo la maonyesho, halafu uwanja wa ndege wanakurudishia VAT. Safari imejilipa.

Bi Lenzi
Uingereza hiyo ilikwisha, mwanangu. Tangu Januari 2021 msafiri harudishiwi VAT kwa alichonunua dukani akakibeba mwenyewe, na ni asilimia 20.

Mzee wa Flashi
Ufaransa bado ipo, ukivuka euro 100 na makazi yako yakiwa nje ya Umoja wa Ulaya. Lakini ukitua Dar kuna forodha, na VAT ya kwenu ni 18. Kamera unazotoka nazo ziandikishe forodha pamoja na namba zake kabla ya kuondoka, usije ukatozwa ushuru wa mali yako. Betri zote begi la mkononi.

Kamera Mkononi
Viza je?

Mzee wa Flashi
Schengen ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima isiyopungua euro 30,000. Unaweza kuomba miezi sita kabla. Ya Uingereza ni nyingine kabisa, usidhani moja inakuingiza kote.

Kamera Mkononi
Nimeelewa, naelekea Birmingham. Dada, kuna siku bora ya kwenda?

Bi Lenzi
Siku ya kwanza zunguka tu, ni msongamano. Maongezi ya kazi yaweke siku ya mwisho mchana, wenye mabanda wamechoka kuhubiri na wana nafasi ya kukusikiliza. Chukua sampuli ya albamu yako moja, ile mbaya kidogo, uwaulize wao wangeifanyaje. Hakikisha kwanza mwaka huo yako Birmingham, maana 2025 yalifanyika London. Ukumbi wa Birmingham, NEC, umeungana na kituo cha treni cha Birmingham International. Usishuke New Street, huko ni katikati ya mji.

Mtoto wa Kariakoo
Na lenzi?

Bi Lenzi
Nunua Kariakoo.