Wakuu, Goku wa kwenye flashi yangu anakua kisha anarudi utotoni. Nianzie wapi?

Mjomba wa Chikongola:
Habari za jioni wakuu. Niko Mtwara mjini. Msimu wa korosho umeisha, jioni sina shughuli, nikaenda kwa kijana wa duka la muvi nikampa flashi: nitilie Dragon Ball yote, ile katuni ya Kijapani, usibakize. Mara ya mwisho niliiangalia kibanda umiza nikiwa darasa la tano, tumekaa kwenye mkeka, umeme ukikatika tunadai hela yetu. Nilichokijua ni kimoja: Goku ndiye steringi, hafi, na akifa anarudi.

Kufungua flashi nakuta mafolda sita. Dragon Ball tupu, Z, Kai, GT, Super, na la sita limeandikwa Daima. Hilo nikadhani kijana kaandika Kiswahili, kwamba ni la kudumu nisilifute. Kumbe nalo ni katuni!

Sasa kizaazaa. Kwenye GT Goku ana mjukuu kabisa, halafu anageuzwa mtoto. Kwenye Super ni mtu mzima na hakuna anayekumbuka kitu. Kwenye Daima mtoto tena. Kuna muvi mpiganaji Broly anamchukia Goku tangu wakiwa vichanga, nyingine Broly huyohuyo wala hamjui. Mpwa wangu wa kidato cha pili anasema yote ni hadithi moja, mimi ndiye ninayesinzia katikati. Mimi nasema nimewekewa feki. Tumewekeana pweza mzima. Naombeni ushauri: nishike lipi, niache lipi, na nani anunue pweza?

Bibo Tamu:
Nimekaa na sahani yangu ya ming'oko, nasubiri wajuzi waje.

Fundi Redio Nachingwea:
Mkuu, kijana wa duka hana kosa, kakupa ulichoomba. Tatizo uliomba "yote".

Anza na kitabu. Akira Toriyama alichora manga (hadithi ya picha ya Kijapani) ya Dragon Ball kuanzia 1984 hadi 1995, sura 519, vitabu 42, kila wiki kwenye gazeti la Shonen Jump. Kule Japani hakuna manga nyingine iliyoitwa Z, yote ni Dragon Ball moja. Waliotengeneza katuni ya televisheni ndio waliobadilisha jina pale Raditz, kaka yake Goku, anapofika duniani. Kwa hiyo folda la kwanza na la pili ni mtu na mwendelezo wake.

GT ndiyo iliyokuvuruga. Ilitoka 1996 manga ikiwa imeshaisha, hadithi ikatungwa na watu wa studio. Toriyama alichora sura za wahusika tu, na mwenyewe aliiita hadithi ya kando. Super ya 2015 akaitungia msingi yeye, ikaingia ndani ya ile miaka kumi iliyorukwa kati ya kupigwa kwa Buu, adui mkubwa wa mwisho wa Z, na sura za mwisho za manga. Unaona? GT iko baada ya mwisho, Super iko kabla ya mwisho, na hazijuani hata kwa salamu. Usitafute kumbukumbu ya GT ndani ya Super, hutaipata.

Mjomba wa Chikongola:
Hapo nimeanza kuona mwanga. Na Kai?

Fundi Redio Nachingwea:
Kai ni Z iliyopunguzwa maji, ya 2009. Zamani katuni ilikuwa inarushwa kila wiki huku manga nayo ikitoka kila wiki, ikawa inakaribia kuikuta. Wakawa wanaongeza vipande vya kupoteza muda. Unakumbuka Goku na Piccolo, yule adui yake wa zamani, wanajifunza udereva? Haimo kwenye manga, na Kai wameikata.

Binti Mikindani:
Msiufute udereva jamani, kile kipande ndicho kilichonifanya nimpende Piccolo. Mjomba, kama una haraka angalia Kai, kama una jioni nyingi angalia Z. Wewe msimu umeisha, angalia Z.

Kuhusu Broly mpwa wako kaanguka vibaya. Wa 1993 ni wa muvi za zamani, ugomvi wake ulianza kwa sababu Goku alikuwa analia sana wakiwa vichanga (mtoto mchanga alie kimyakimya?). Mwaka 2018 Toriyama akamwandika upya tangu mwanzo, akampa baba mkali na sayari ya ukiwa. Jina moja, watu wawili. Kama Hamisi wa huku na Hamisi wa Newala.

Mtoto wa Kilwa:
Daima isifutwe, mjomba. Ni ya 2024, hadithi ya Toriyama mwenyewe, aliyefariki Machi mwaka huohuo kabla haijaanza kuonyeshwa. Imekaa mara tu baada ya Buu. Utoto wa GT uliletwa na Pilaf, adui wa zamani wa Goku, wa Daima umeletwa na mfalme wa mashetani. Tena Goku wote wawili wanafika Super Saiyan 4, umbo analogeuka ili aongeze nguvu, ndiyo maana unachanganya. Tazama nywele: wa GT nyeusi, wa Daima nyekundu.

Fundi Redio Nachingwea:
Naongezea: Super ya katuni iliishia sehemu ya 131 mwaka 2018. Manga yake, anayoichora Toyotarou, iliendelea mbele kwa hadithi za wahusika wapya, Moro na Granolah, na hata pale zinapokwenda pamoja mapigano hayafanani. Mpwa akikuletea habari za Moro usimwite mwongo.

Mjomba wa Chikongola:
Nimewaelewa. Nashika Dragon Ball, Z, Daima, Super, na ile muvi ya Broly wa 2018. GT nitaiangalia kama porojo ya mtaani, siifuti maana nimeilipia. Mpwa kasoma hapa kwa simu ya mama yake, anasema kwa kuwa hakuna feki, nimeshindwa.

Binti Mikindani:
Hakuna feki, umeshindwa. Hadithi si moja, na yeye kashindwa. Mnunue nusu kwa nusu.

Bibo Tamu:
Ming'oko imeisha. Huyo pweza analiwa lini, na wapi?