Naomba ushauri: visiki vya mijohoro vinanitesa uani

Wakuu, habari za jioni. Nimehamia kwangu Kibaha mwezi wa nne. Aliyeniuzia alikata miti akaacha visiki vitano uani, viwili vya mwarobaini na vitatu vya mjohoro. Hiyo mijohoro ndiyo balaa. Mvua ikinyesha tu, machipukizi yanatoka kwenye gome; nayafyeka kwa panga, wiki mbili baadaye yamerudi mengi zaidi. Juzi mwanangu kajikwaa, ukucha wa dole gumba ukang'oka. Iliniuma sana.

Nilileta kijana mwenye sururu na shoka. Kachimba kutwa nzima kisiki kimoja, akakuta mzizi mnene kama paja umepita chini ya msingi wa ukuta. Akaishia hapo.

Jirani ananiambia nitoboe matundu nijaze chumvi, lakini hapo nataka kupanda mchicha na michungwa, udongo si utaharibika? Kuchoma taratibu kwa pumba za mpunga nako naogopa, kisiki kimoja kiko hatua tatu kutoka chemba ya choo na bomba la plastiki linapita hapohapo.

Aliyewahi kung'oa mjohoro karibu na ukuta, ulifanyaje? Na ule mzizi nikiukata, msingi utabaki salama?